Upimaji wa Programu: Andika Jibu Kabla ya Kubonyeza



Somo la leo linawahusu wanaosoma kompyuta na wasioisoma, maana sote tunatuma pesa kwa simu na kutegemea hesabu zinazofanywa na mashine. Tutazungumzia upimaji wa kazi za programu, yaani kuhakikisha kwamba programu inafanya kile ilichoagizwa kufanya kabla haijafika mikononi mwa watu.

Kisa cha Kenya, 2013

Tarehe 4 Machi 2013 jirani zetu wa Kenya walipiga kura. Matokeo ya awali yalipoanza kuonyeshwa kwa njia ya elektroniki, kura zilizoharibika zilipita 300,000, na watu wakashangaa. Baadaye Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilieleza kwamba mfumo ulikuwa na kosa: ulizidisha kura zilizoharibika mara 8. Matokeo rasmi yalijumlishwa kutoka kwenye fomu zilizoletwa Nairobi, na kura zilizoharibika zikawa 108,975.

Je, kosa hilo lilikuwa dogo? Katiba ya Kenya inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Tume ilihesabu kura zote 12,330,028, pamoja na zilizoharibika. Uhuru Kenyatta alipata 6,173,433, yaani asilimia 50.07. Alivuka nusu kwa kura 8,419 tu. Kama kura zilizoharibika zingebaki 300,000 kwenye hesabu ile, nusu ingekuwa 6,260,526.5, na hakuna ambaye angeifikia. Nchi ingerudi kwenye uchaguzi kwa sababu ya kosa la kuzidisha. Mwezi huohuo Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizoharibika zisiingizwe katika kutafuta asilimia.

Upimaji huu ni nini?

Mtu akitilia shaka mizani ya dukani, haifungui kutazama springi. Huweka juu yake jiwe la kilo moja analolijua, akaona mizani inasema nini. Mpimaji wa programu hufanya vivyo hivyo. Haangalii ndani jinsi programu ilivyoandikwa. Anaingiza kitu anachokijua, anatazama kinachotoka, kisha analinganisha na kile kilichotakiwa.

Hatua zake ni tano:

1. Soma masharti: programu hii imeagizwa kufanya nini?
2. Chagua data za kuingiza.
3. Andika jibu linalotarajiwa kwa kila data, ukilitoa kwenye masharti.
4. Endesha programu, ulinganishe.
5. Andika makosa yaliyoonekana. Yakisharekebishwa, pima tena yote, hata yale yaliyofaulu mwanzo, kwa kuwa rekebisho moja huweza kuharibu pengine.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa sana. Watu huendesha programu kwanza, wakiona jibu lenye sura nzuri husema, “Inafanya kazi.” Hapo programu imekuwa shahidi wa nafsi yake. Jibu lazima liwepo kwenye karatasi kabla ya kubonyeza.

Na hatua ya pili ina mtego. Chukua mfumo unaozidisha kura zilizoharibika mara 8. Ukiupima kwa kituo chenye kura 0 zilizoharibika, utafaulu, maana 0 mara 8 ni 0. Ukiingiza 10, unatarajia 10, utaona 80, na kosa limejifichua.

Mfano: programu ya kuhesabu zaka

Tuseme wanafunzi wanatengeneza programu ya simu ya kumsaidia mfanyabiashara wa chumvi hapa Katwe-Kabatoro kuhesabu zaka yake. Masharti waliyopewa na sheikh ni haya: nisabu ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, mali iliyofikia nisabu na kupitiwa na mwaka wa mwezi mwandamo hutolewa asilimia 2.5. Kwa ajili ya mfano, gramu moja iwe shilingi 400,000. Nisabu itakuwa 34,000,000.

Jedwali la mpimaji:

– Bidhaa 25,000,000 na fedha taslimu 15,000,000, mwaka umetimia: 1,000,000.
– Jumla 33,999,999, mwaka umetimia: 0.
– Jumla 34,000,000 kamili, mwaka umetimia: 850,000.
– Jumla 40,000,000, mwaka haujatimia: 0.
– Mali ni neno “nyingi” au ni namba hasi: programu ikatae na imwambie mtumiaji kwa nini.

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Makosa hupenda kukaa mpakani. Aliyeandika “izidi nisabu” badala ya “ifikie nisabu” atapata jibu sahihi kwa milioni 40 na kwa milioni 20, lakini kwa milioni 34 kamili atamnyima maskini haki yake, wala hakuna atakayejua.

Ni vizuri pia mpimaji asiwe yule aliyeandika programu. Mwandishi huona alichokusudia; mwenzake huona kilichopo.

Tukumbuke mpaka wa upimaji huu. Kufaulu kwa majaribio yote hakuthibitishi kwamba makosa yamekwisha, bali kwamba yale tuliyoyauliza yamejibiwa sawa. Wala hautuambii kama mfumo utahimili watu elfu kwa wakati mmoja. Huo ni upimaji mwingine, wenye somo lake.

Zoezi

Ongeza sharti moja: deni linalopaswa kulipwa sasa litolewe kwanza kwenye mali. Andika majaribio matano mapya pamoja na majibu yake, kabla hujagusa kompyuta. Kisha mpe mwenzako atafute la sita ulilolisahau.