KULINDA MTAA WA ZAMANI: MPAKA UNAWEKWA NA NANI?



Katika somo hili tunafundishana jambo linalogusa kila lupangu ya Kolwezi: mtaa wa zamani unalindwa namna gani, na mpaka wa ulinzi unapanuliwa namna gani.

1. Maana yake

Mtaa unaolindwa si nyumba ya makumbusho. Watu wanaendelea kukaa mule, kupika, kufua na kulea watoto. Sheria inasema tu kwamba nyumba zile hazibomolewi wala kubadilishwa ovyo. Mwenye kutaka kujenga anaomba ruhusa kwanza. Basi ulinzi una faida, tena una uzito, kwa sababu kutengeneza nyumba ya zamani kunakula feza.

2. Mfano wa Zanzibar

Kule Zanzibar, Mji Mkongwe wenye nyumba za mawe ulitangazwa eneo la kulindwa, na mwaka 2000 UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia. Eneo lake ni hekta 96. Lakini upande wa pili wa hori ya zamani kuna Ng'ambo, mtaa wa wachukuzi, mafundi na watu waliotoka utumwani. Nyumba zao zilikuwa za udongo na miti, na wakubwa wengi hawakuziona kuwa historia. Kiisha mapinduzi ya 1964, nyingi zilibomolewa ili kujenga magorofa ya Michenzani.

Katika miaka ya 2010 ofisi ya mipango ya miji ya Zanzibar, pamoja na watu wa mji wa Amsterdam, ilifanya kazi inayoitwa Ng'ambo Tuitakayo. Wakaaji waliulizwa, na mambo ya mtaa yakaandikwa kabla ya kupanga mapya. Njo tunaona hapa: fikira ya urithi ilianza kwa nyumba za matajiri, kisha ikavuka hori mpaka kwa watu wa kazi.

3. Kwetu Kolwezi

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni ilijenga makambi ya wafanya kazi, nyumba zimepangwa kwa mistari. Mwaka 1967 serikali ilitwaa mali ile, na nyuma ikawa Gécamines. Katika makambi watu wa makabila mengi walijifunza kuishi pamoja, na hiki Kiswahili chetu kilikomalia pale.

Lakini chini ya nyumba iko shaba na kobalti. Kule Kasulo kobalti ilionekana mwaka 2014, watu wakachimba hata ndani ya nyumba zao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilipewa kampuni Congo Dongfang Mining, na familia zikahamishwa. Katika Cité Gécamines, shimo la COMMUS, kampuni ya Zijin ya Uchina pamoja na Gécamines, lilifunguliwa tena 2015. Rapoti ya Amnesty International na IBGDH ya Septemba 2023 ilieleza namna watu walivyotolewa, na wakaaji walisema malipo hayakutosha kununua nyumba ya namna ile ile. Basi kwetu mpaka unaosogea ni mpaka wa shimo.

4. Sheria inasema nini?

Sheria ya 1971 juu ya mali ya utamaduni inaruhusu serikali kuandika majengo ya kulindwa. Kode ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema katika kifungu cha 279 kwamba kazi ya madini haishiki udongo wenye jengo la ukumbusho la taifa bila kibali cha wakubwa wanaohusika. Na udongo wenye nyumba za watu unadai kibali cha mwenyewe ao mkaaji halali. Lakini nyumba isiyoandikwa popote itatetewa na nani?

Mwingine atasema: madini njo chakula cha jimbo, hatuwezi kulinda kila ukuta. Ni kweli, bila madini Kolwezi haingekuwako. Kwa sababu hiyo tunapaswa kuchagua. Tukichagua nyumba moja ya mkubwa, hatuonyeshi kazi ya maelfu. Heri kambi moja nzima: njia zake, nyumba zake, shule, kanisa na uwanja wa mpira. Kupanua mpaka ni kuwaingiza ndani wale waliochimba.

5. Kazi ya kufanya

Kila kundi lichague njia moja ya mtaa wake. Hesabuni nyumba, chora ramani, ulizeni wazee: nani alikaa hapa, mwaka gani, alifanya kazi gani? Andikeni yote kwa daftari, nakala mbili.

Maulizo:
a) Katika mtaa wenu, ni kitu gani kisingepaswa kupotea?
b) Nani atalipa matengenezo yake?
c) Mkaaji akikataa mtaa wake kulindwa, tumjibu nini?

Karatasi inaweza kubaki hata ukuta ukianguka. Lakini tuiandike sasa, ukuta ungali umesimama, maana pale inaweza kuusaidia usianguke.