SOMO LA MAKATIBU: HUDUMA YA KOMPYUTA INAPOZIMIKA

Viko vyama vinavyotunza daftari la mizani katika kompyuta ya Linux. Ndani yake hufanya kazi programu isiyoonekana kiooni, iitwayo huduma. Huduma hiyo ikizimika siku ya kupokea mazao, uzito wa mkulima hauingii daftarini, na malipo yake huingia mashakani. Kwa hiyo yampasa katibu kujua mambo matatu.

1. Kutafuta chanzo. Linux nyingi husimamia huduma kwa systemd, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2010. Ichukuliwe kwamba huduma inaitwa mizani. Amri systemctl status mizani huonyesha kama huduma i hai au imeshindwa. Kisha journalctl -u mizani -n 50 huleta mistari 50 ya mwisho ya kumbukumbu zake. Sababu aghalabu huonekana hapo: diski imejaa, au programu imenyimwa ruhusa ya kufungua faili. Amri df -h huthibitisha nafasi iliyobaki katika diski.

2. Kuiagiza iwake yenyewe. Amri sudo systemctl edit mizani hufungua faili ya maagizo. Chini ya kichwa [Service] huandikwa mistari miwili: Restart=on-failure na RestartSec=5. Tangu hapo huduma ikianguka kwa hitilafu, systemd hungoja sekunde 5, kisha huiwasha. Ikizimwa kwa makusudi kwa systemctl stop, huachwa izimike.

3. Kuweka mpaka. Kwa kawaida systemd huacha kujaribu huduma ikiwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10. Lakini kwa kungoja sekunde 5 kila mara, mpaka huo haufikiwi, na huduma yaweza kuanguka na kuinuka usiku kucha pasipo mtu kujua. Basi chini ya [Unit] huandikwa StartLimitIntervalSec=300 na StartLimitBurst=5. Mpaka ukifikiwa, katibu huondoa chanzo, hutoa amri sudo systemctl reset-failed mizani, ndipo huiwasha kwa sudo systemctl start mizani.

Ieleweke kwamba kuwasha tena si kuponya. Diski iliyojaa haipungui kwa huduma kuwashwa mara mia. Na huduma inapokuwa imelala, uzito uandikwe kwa kalamu katika kitabu cha stakabadhi, mkulima apewe nakala yake.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Katika chama chenu, ni nani asomaye kumbukumbu za huduma, na mara ngapi?
(b) Je, kitabu cha stakabadhi kipo karibu na mizani?