Umenunua ploti yenye wapangaji? Hati haiwahamishi

Anayenunua vyumba vya kupangisha, iwe Kasarani au Likoni, ananunua pamoja na ahadi walizopewa waliomo. Wengi hudhani jina likishabadilishwa kwenye hati, makubaliano ya mwenye nyumba wa zamani yamekufa. Sivyo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinalinda upangaji wa mwezi kwa mwezi, na hata mkataba usiozidi miaka miwili, ingawa haumo kwenye rejista. Kwa hiyo upekuzi wa ofisi ya ardhi hautakuonyesha wapangaji hao. Nenda mwenyewe, bisha hodi mlango kwa mlango.

Uliza kwanza habari za diposti. Muuzaji huondoka na pesa hizo, kisha mpangaji anapohama anamgeukia mnunuzi, naye anamwambia akamtafute aliyezipokea. Huo ni uonevu: mpangaji ameshatoa pesa zake. Wakili wako aandike kwenye mkataba wa mauzo kwamba diposti zote zitakatwa kwenye bei, na kila mpangaji atie sahihi karatasi inayoonyesha kodi yake, diposti aliyoweka na deni lake kama lipo. Maelezo yake yakitofautiana na ya muuzaji, yatatueni kabla hujamaliza kulipa.

Muuzaji pia awaandikie wapangaji barua ya kumtambulisha mmiliki mpya na mahali pa kulipia. Nawe mpangaji, usimlipe mgeni kwa neno la mdomo. Dai barua hiyo. Aliyelipa kwa wa zamani kabla ya kuarifiwa asidaiwe tena.

Ukikihitaji chumba, toa notisi ya maandishi. Kwa anayelipa kila mwezi bila mkataba wa muda maalumu, notisi isipungue mwezi mmoja. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 ina baraza lake la kodi, na humtoi mtu humo bila amri. Duka au hoteli iliyopangishwa bila maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, inahitaji notisi ya angalau miezi miwili kwa fomu maalumu, na mpangaji anaweza kuipinga katika baraza la upangaji wa biashara.

Kung'oa mlango, kuezua mabati au kukata stima ili mtu ahame si njia ya kisheria, hata kama ana deni. Ukitendewa hivyo, piga picha, tunza risiti na ujumbe wa M-Pesa, uone wakili mapema.