Kijiji na Ulinzi wa Chanzo cha Maji

Mvua inyeshapo, sehemu ya maji hunywewa na udongo, sehemu hurudi angani kwa mvuke, na sehemu iliyosalia hutiririka kuelekea bondeni. Eneo lote ambalo maji yake hukusanyika katika mto, lambo au ziwa moja huitwa eneo dakio. Yatendekayo katika dakio huonekana hatimaye katika ndoo ya maji ya kunywa.

Hali ya Mwamanyili

Kata ya Mwamanyili imo katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, wilaya inayopakana na Ziwa Victoria. Wakazi wake ni wakulima na wafugaji, na kila mmoja huhitaji ardhi iliyo karibu na maji.

Mvua ya milimita 10 juu ya hekta moja huleta lita 100,000 za maji. Penye nyasi, mwendo wa maji hupungua na mengi huzama ardhini. Penye udongo mtupu, maji hukimbia yakichukua tope na samadi. Tope hupunguza kina cha lambo. Tena chembe zake huvificha vijidudu visifikiwe vyema na klorini.

Sheria na hesabu yake

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 chakataza shughuli za kudumu, au ziwezazo kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa, ukingo wa mto au bwawa. Kwa kila kilometa moja ya mto, ukanda huo ni:

mita 60 × mita 1,000 = mita za mraba 60,000, yaani hekta 6.

Kwa kingo zote mbili ni hekta 12, yapata ekari 30. Familia yenye ekari tatu kando ya mto yaweza kupoteza shamba lake lote. Mpango usioeleza familia hiyo italima wapi hautadumu.

Wajibu wa kijiji

Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, halmashauri ya kijiji huandaa mpango, na mkutano mkuu wa kijiji huuidhinisha. Mpango mzuri huweka birika la kunyweshea mifugo nje ya ukanda, hutenga njia za ng'ombe, na huelekeza matuta yakinge mteremko. Wasukuma wanayo pia desturi ya ngitili, yaani kutenga malisho yapumzike hadi kiangazi. Ngitili ikitengwa juu ya chanzo, hulisha mifugo na kuchuja maji.

Lakini ukanda wa mita 60 hauzuii tope litokalo mbali. Maji hayafuati mipaka ya vijiji. Kwa hiyo vijiji vya juu na vya chini hupaswa kupatana, jambo linaloruhusiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Jaribio

Jaza udongo katika masanduku mawili yaliyotobolewa upande mmoja. Moja liwe na nyasi zilizoota. Yainamishe sawasawa, kisha mwagia kila moja lita moja ya maji polepole. Kinga maji yatokayo, yapime, na ulinganishe rangi yake.

Maswali

1. Ni sanduku lipi lililotoa maji mengi zaidi, na kwa nini?
2. Kokotoa ukanda wa mto wenye urefu wa kilometa 2.5, kingo zote mbili.
3. Jadilini: mwenye shamba ukingoni atendewe nini ili haki na maji vyote vihifadhiwe?