UNENE WA WAYA WA SPIKA: TUUPIME KWA HESABU

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Chama cha Sayansi

Kwa muda mrefu, siku ya wazazi inapofika, watu wanaoketi nyuma ya bwalo letu hawasikii vizuri. Nao walio nyuma ndio wengi: akina mama waliotoka mbali kwa basi, wazee wetu, na ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza. Mvua ikipiga bati, hotuba nzima huwapita. Muhula huu Chama cha Sayansi kilipewa kazi ya kutengeneza nyaya mpya za spika kwa fedha za michango ya wazazi. Wako waliosema tununue waya mnene kuliko wote dukani. Wako na waliosema waya ni waya, wowote utafaa. Kauli zote mbili zilikuwa hazijapimwa. Yafaa basi nieleze jinsi kipimo kinavyopatikana, maana hesabu yake ni ile ile tunayofundishwa darasani.

Ukinzani wa waya

Umeme upitapo katika waya hukutana na ukinzani. Aliyeipanga elimu hii ni Georg Ohm, Mjerumani, mtoto wa fundi wa makufuli, aliyekuwa mwalimu wa shule katika mji wa Cologne. Alipima nyaya za urefu na unene mbalimbali, akatoa kitabu chake mwaka 1827. Kipimo cha ukinzani kimeitwa omu kwa heshima yake.

Ukinzani wa waya hutegemea mambo matatu. La kwanza ni urefu: waya ukirefushwa mara mbili, ukinzani nao huwa mara mbili. La pili ni eneo la mkato wake: eneo likiwa mara mbili, ukinzani hupungua kuwa nusu. Hapa pana mtego. Eneo si kipenyo. Waya wenye kipenyo mara mbili una eneo mara nne, na kwa hiyo ukinzani wake ni robo. La tatu ni madini yenyewe: kwa urefu na eneo lile lile, ukinzani wa aluminiamu ni karibu mara moja na nusu ya ule wa shaba, au zaidi kidogo.

Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na eneo la milimita mraba 1 una ukinzani wa omu 0.0172 katika joto la sentigredi 20. Basi kanuni ni hii:

Ukinzani = 0.0172 × urefu (mita) ÷ eneo (milimita mraba)

Tena tusisahau kuwa umeme huenda na kurudi. Spika ikiwa mita 30 kutoka kwenye amplifaya, waya wa kuhesabu ni mita 60.

Hesabu ya bwalo letu

Amplifaya ilikuwa jukwaani. Spika mbili za omu 8 zilikuwa ukutani nyuma, mita 30 kutoka jukwaani, zote zimeunganishwa sambamba katika jozi moja ya nyaya nyembamba, kama zile za kengele ya mlangoni, zenye eneo la milimita mraba 0.5. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa kama spika moja ya omu 4.

Ukinzani wa nyaya: 0.0172 × 60 ÷ 0.5 = omu 2.06

Amplifaya hutoa volti. Volti hizo hugawanywa kati ya nyaya na spika, kila kimoja kwa kadiri ya ukinzani wake. Sehemu inayofika kwenye spika ni 4 ÷ 6.06, yaani 0.66. Nguvu hufuata kipeo cha pili cha volti, na 0.66 × 0.66 ni karibu 0.44. Maana yake, mahali ambapo spika zingepata wati 10, zilikuwa zikipata wati 4.4 tu. Kweli, sikio halioni nusu ya nguvu kuwa nusu ya sauti, lakini upungufu huo unasikika wazi, hasa penye kelele za watoto na mvua. Na mtu akijaribu kuufidia kwa kufungulia sauti mpaka mwisho, amplifaya hupata joto na maneno huanza kukwaruza.

Kanuni ya tano kwa mia

Mafundi wengi hufuata kanuni hii: ukinzani wa nyaya, kwenda na kurudi, usizidi sehemu 5 kwa 100 ya omu zilizoandikwa nyuma ya spika. Spika ya omu 8 nyaya zake zisizidi omu 0.4, ya omu 4 zisizidi omu 0.2. Kwa kipimo hicho spika hupata karibu sehemu 91 kwa 100 za nguvu ambayo ingepata kama nyaya hazingekuwa na ukinzani wowote. Ukinunua waya mnene mara tano zaidi utafikia sehemu 98, lakini tofauti hiyo sikio la mtu halitaitambua. Chini ya kanuni hii pana hasara ya sauti. Juu yake sana pana hasara ya fedha.

Huu ndio umbali wa mwisho kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika, kwa waya wa shaba:

Milimita mraba 0.5: omu 8, mita 5, omu 4, mita 2
Milimita mraba 0.75: omu 8, mita 8, omu 4, mita 4
Milimita mraba 1: omu 8, mita 11; omu 4, mita 5
Milimita mraba 1.5: omu 8, mita 17, omu 4, mita 8
Milimita mraba 2.5: omu 8, mita 29, omu 4, mita 14
Milimita mraba 4: omu 8, mita 46, omu 4, mita 23

Asiye na jedwali hili na akumbuke hivi: kwa spika ya omu 8, gawanya umbali kwa 11, utapata eneo linalohitajika. Kwa spika ya omu 4, zidisha jibu hilo kwa mbili. Kisha chukua waya wa dukani unaofuata kwa ukubwa.

Kufupisha kunashinda kunenepesha

Kwa kanuni hiyo, kuziacha spika zetu zilivyokuwa kulihitaji waya wa milimita mraba 6. Mita 60 za waya huo zina zaidi ya kilo 3 za shaba, na bei ya waya hufuata shaba iliyomo ndani yake.

Tukatazama upande wa pili wa kanuni, yaani urefu. Tuliihamisha amplifaya kutoka jukwaani hadi katikati ya ukuta wa pembeni, ikabaki mita 15 kwa kila spika, na kila spika tukaipa jozi yake ya nyaya. Amplifaya yetu ina matundu mawili ya spika, hivyo jambo hilo liliwezekana. Mita 15 gawanya kwa 11 ni 1.4 hivi, nasi tukanunua waya wa 1.5. Shaba yote ilikuwa kama gramu 800, yaani robo ya ile ya kwanza. Waya uliorefuka ni ule wa maikrofoni, ambao hauhitaji unene, kwa sababu mkondo wake ni mdogo sana. Unachohitaji ni wavu wa shaba wa kuuzunguka ili usiingize mvumo. Fedha zilizobaki zimenunua mita mbili za kupimia umeme kwa ajili ya maabara.

Jambo hili si la bwalo tu. Umeme wa Kidatu hupelekwa Dar es Salaam kwa volti 220,000, ili mkondo uwe mdogo na nyaya zisile nguvu njiani. Hata spika za uwanjani zilizo mbali sana mara nyingi hutumia transfoma na volti 100 kwa sababu hiyo hiyo. Volti hizo zaweza kudhuru, mwanafunzi asiziguse.

Kupima waya dukani

Usidanganywe na ganda. Waya waweza kuwa mnene kwa plastiki na ndani una nyuzi chache. Chubua ncha, hesabu nyuzi, kisha uzungushe uzi mmoja kwenye penseli mara 40, kila duru ikigusa mwenzake. Upime upana wa duru zote kwa rula. Zikichukua milimita 10, kipenyo cha uzi ni 10 ÷ 40, yaani milimita 0.25, na eneo lake ni 3.14 × 0.25 × 0.25 ÷ 4 = 0.049. Waya wenye nyuzi 30 za namna hiyo una eneo la 1.47, basi ni waya wa 1.5 wa kweli.

Halafu kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukionekana mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Waya huo wafaa pia, ila uchukue wenye eneo kubwa zaidi, na usilipe bei ya shaba.

Mwisho, wakati wa kufunga zima amplifaya, weka alama ya kujumlisha na ya kutoa pande zote mbili, na usiache uzi hata mmoja ukigusa wa pili, maana mgusano huo waweza kuunguza amplifaya.

Mazoezi

1. Spika ya omu 8 iko mita 22 kutoka kwenye amplifaya. Chagua waya.
2. Spika ya omu 4 iko mita 7. Chagua waya.
3. Waya una nyuzi 24, kila uzi una kipenyo cha milimita 0.2. Tafuta eneo lake.
4. Pima umbali katika ukumbi, msikiti au kanisa la kwenu wakati wa likizo, uangalie unene wa waya uliopo, kisha useme kama unatosha.

Majibu ya maswali matatu ya kwanza yatabandikwa katika ubao wa Chama cha Sayansi. La nne kila mtu atalileta mwenyewe muhula ujao.