Ukitaka kutoa viungo baada ya kifo, sema na uandike mapema

Wiki hii tunajibu swali ambalo sisi madaktari tunaulizwa mara kwa mara, hasa na watu wenye jamaa anayeugua figo. Nikiamua leo kwamba nikifa macho yangu au figo zangu apewe mgonjwa, je, uamuzi huo utaheshimiwa, ama jamaa watautupa nikiwa mochari?

Wasiwasi huo una msingi. Wengi wetu twakumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake alisema marehemu alitaka kuzikwa karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ukasisitiza azikwe Nyalgunga, Siaya. Maiti ilikaa mochari karibu miezi mitano, hadi Mei 1987 Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo ushindi. Tangu siku hizo wengi huamini kuwa neno la marehemu halina uzito.

Lakini kesi ile ilihusu mahali pa kuzika. Kuhusu viungo, kuna kanuni zilizoandikwa katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, na inafaa kila mtu mzima azijue.

Njia tatu za kutoa

Mtu yeyote anayeruhusiwa kuandika wosia, yaani aliyetimiza miaka 18 na mwenye akili timamu, anaweza kutoa mwili wake au sehemu yake itumiwe baada ya kifo. Anaweza kufanya hivyo katika wosia, katika hati aliyoitia sahihi pamoja na mashahidi wawili, au kwa kutamka mbele ya mashahidi wawili.

Kuna sharti moja ambalo wengi hulisahau: lazima umtaje atakayepokea, awe mtu au taasisi kama vile hospitali. Usipomtaja, zawadi yako inabatilika. Viungo vyaweza kutumiwa kutibu mgonjwa, kufundishia wanafunzi wa udaktari au kufanyia utafiti.

Jamaa wana usemi gani?

Sheria inawapa jamaa nafasi ya kuamua ikiwa marehemu hakutoa zawadi yoyote wala hakukataza. Hapo huulizwa kwa utaratibu: kwanza mume au mke, kisha mtoto mkubwa, halafu mzazi, mlezi, na ndugu mkubwa. Mjomba mwenye sauti kubwa matangani hayumo katika orodha hiyo.

Tazama kwamba kanuni hii inakata pande mbili. Aliyesema ndiyo amelindwa, na aliyesema la amelindwa vilevile. Ikiwa ulikataza ungali hai, mkeo au mwanao hana ruhusa ya kukutolea figo.

Tena uamuzi wako si kifungo. Unaweza kuubatilisha kwa njia ile ile uliyoutolea, au kwa kuichana hati yenyewe makusudi.

Kuuza ni hatia. Anayetoza pesa kwa kiungo cha binadamu anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 10, au kufungwa hadi miaka 10, au yote mawili.

Saa haingoji

Hapa ndipo daktari ana neno zaidi ya wakili. Konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho, yafaa itolewe saa chache baada ya kifo, afadhali kabla ya saa 12 kupita. Moyo ukishatolewa hudumu katika baridi saa 4 hadi 6 tu, na figo takriban siku moja. Isitoshe, moyo na figo huhitaji mtoaji awe amefia hospitalini chini ya uangalizi mkubwa, mara nyingi ubongo ukiwa umekufa huku mashine ikiendelea kumpumulia.

Sasa fikiria wosia uliofungiwa kabatini kwa wakili. Katika nyumba nyingi husomwa baada ya mazishi. Kisheria zawadi ni halali, lakini macho yamekwisha kuzikwa. Kwa hiyo wosia pekee hautoshi. Hati fupi ambayo jamaa wanajua ilipo ni bora zaidi.

Vilevile, hakuna daktari anayependa kumpasua marehemu huku mjane akilia mlangoni akikataa. Hata Uingereza, ambako tangu mwaka 2020 mtu mzima huhesabiwa kuwa amekubali asipokataa, jamaa bado huzungumziwa kwanza. Mabishano ya saa sita tu yanaweza kuiua zawadi bila ya mtu yeyote kuvunja sheria.

Hofu tunazosikia

Baadhi ya wagonjwa huuliza, "Daktari, nikitia sahihi, hamtaniacha nife ili mpate figo?" La. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 zataka daktari anayethibitisha kifo asihusike moja kwa moja katika kutoa viungo wala katika kumhudumia anayevipokea.

Wengine huhofia dini. Baraza la wanazuoni wa fikihi wa Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu jambo hili kwa masharti, mojawapo likiwa idhini ya marehemu au warithi wake. Papa Yohane Paulo wa Pili naye alilisifu kuwa tendo la upendo. Wengine huogopa maiti kuharibika sura. Konea ikitolewa, macho hufumbwa na uso hubaki kama ulivyokuwa.

La kufanya

Kwanza, amua mwenyewe bila kushurutishwa. Pili, uliza hospitali unayokusudia kama inapokea, na kiungo gani. Hapa Kenya figo kwa kawaida hutoka kwa jamaa walio hai, lakini konea ya marehemu ni jambo linalowezekana. Tatu, andika hati, taja kiungo na atakayepokea, utie sahihi pamoja na mashahidi wawili. Nne, mpe nakala mumeo au mkeo na mwanao mkubwa. Tano, liseme jambo hili mezani jamaa wakiwa pamoja, hata kama mama atakuambia uache kuitisha mauti.

Na ikiwa uamuzi wako ni kukataa, fanya hivyo hivyo. Usiwaachie wafiwa swali ambalo wewe ungeweza kulijibu kwa dakika tano.