Kushirikisha au kushirikiana? Swali la sarufi kwa sanaa ya wakati wa vita

Mashariki mwa Kongo, sanaa ni njia mojawapo ya kuzungumzia vita na kuhama. Kituo cha Yole!Africa mjini Goma kimefundisha vijana kutengeneza filamu zao. Shirika la Search for Common Ground limepeleka kwa wananchi maigizo ambayo mtazamaji huingia na kuyabadili. Kazi za namna hii tunaziita sanaa shirikishi. Nikiwa mwanafunzi wa isimu, ninauliza: katika jina hilo, nani anamshirikisha nani?

Tuanze na mnyambuliko. Kivumishi shirikishi kimetoka katika shirikisha, kauli ya kutendesha: msanii ni kiima, mkimbizi ni yambwa. Katika shirikiana, pande zote mbili zinakaa kwenye kiima. Ninadai kwamba tofauti hii ndiyo kipimo cha kazi yenyewe.

Tazama pia majina ya watu waliohama. Mkimbizi linatokana na kimbia, kama mjuzi na jua, au msimamizi na simamia. Linamtaja anayekimbia, halimtaji aliyemkimbiza. Badeplase, neno la Kifaransa tulilolivika kiambishi ba-, lina asili ya kutendwa: watu wamehamishwa, lakini aliyewahamisha hatajwi. Maneno yote mawili yanamficha msababishi.

Maigizo shirikishi yanaweza kuuvunja ukimya huo. Mbinu yake inayojulikana zaidi ni ya Augusto Boal wa Brazil, ambaye alikamatwa na utawala wa kijeshi mwaka 1971, kisha akaishi uhamishoni. Mchezo mfupi unaigizwa mpaka mwisho wake mbaya, halafu unarudiwa. Safari hii mtazamaji anaweza kuusimamisha, akachukua nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia nyingine.

Tuchukue mfano. Mama amerudi kijijini, anakuta jirani analima shamba lake. Akisimulia akiwa ameketi, anaweza kusema: "Shamba lilichukuliwa." Ni kauli ya kutendwa, mtenda hayupo. Akiingia katika mchezo, sentensi hiyo haimtoshi, kwa kuwa mtu amesimama mbele yake. Atauliza: "Wewe, nani alikupa shamba hili?" Nafsi ya pili imeingia, na jibu linadaiwa. Huenda jirani akajibu kwamba naye alikimbia vita kwao.

Hapo pana hatari. Penye silaha, kumtaja mtenda hadharani kunaweza kumletea mama huyo balaa baada ya wasanii kupanda gari na kuondoka. Kwa hiyo majina ya kubuni si pambo, ni kinga. Na kambi zilizoizunguka Goma zilipoachwa tupu mwanzoni mwa 2025, watu walitawanyika. Picha na sauti zao zilibaki mikononi mwa waliozirekodi.

Basi, ili tuseme kushirikiana, wenye kisa waamue mambo matatu: kisa kipi kiigizwe, kwa Kiswahili kipi au lugha gani ya nyumbani, na rekodi zikae kwa nani. Wasipoamua hayo, wameshirikishwa tu.

Swali hili linatuhusu sisi wa kitivo pia. Tunaporekodi masimulizi ya wakimbizi kwa ajili ya kazi zetu za kumaliza masomo, tuangalie nani yuko kwenye kiima.